Kitenzi cha Kiingereza “fart” na asili yake katika Mame-Germaniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitenzi cha Kiingereza “fart”, ambacho kwa Kiswahili ni kujamba, hakifundishwi darasani wala hakitamkwi mbele ya wakwe, lakini historia yake inajulikana vizuri kuliko ile ya maneno mengi yenye heshima. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wanafunzi wa isimu, walimu wa lugha na wafasiri huyarudia kila mada hii inapozuka. Yanaanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yenye utata. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, bali msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kwa ufupi, kitenzi hiki kimetoka wapi?

“Fart” ya leo imetokana na “ferten” ya Kiingereza cha Kati (cha takriban karne ya 12 hadi ya 15), nayo inarudi hadi kwenye kitenzi cha Mame-Germaniki (tazama swali la 2) kinachoandikwa “*fertaną”, chenye maana ile ile ya kujamba. Mame-Germaniki nayo iliurithi mzizi huo kutoka Mame-Indo-Ulaya, lugha ya kale zaidi iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na za kaskazini mwa Bara Hindi, ambako unaandikwa “*perd-”. Maana haikubadilika njiani, na hilo si jambo la kawaida, kwa sababu maneno mengi yakishapita maelfu ya miaka hufika kwetu yakiwa yamehama maana mara mbili au tatu. Neno hili lilitaja kitendo ambacho hakuna kizazi kilichowahi kukiacha, kwa hiyo halikuwa na sababu ya kuhama.

2. Mame-Germaniki ni lugha gani, na je, ndiyo Kijerumani cha kale?

Sivyo. Kama wanaisimu wanavyosema Mame-Bantu wakimaanisha lugha iliyozaa Kiswahili, Kiganda, Kizulu na ndugu zao, ndivyo Mame-Germaniki inavyotaja lugha iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe, Kiaislandi na Kigothi, ambacho kimekwisha kufa. Kijerumani basi ni ndugu wa Kiingereza, wala si mzazi wake. Mame-Germaniki ilizungumzwa kusini mwa Skandinavia na kaskazini mwa Ujerumani ya leo, katika karne zilizoanzia takriban mwaka 500 KK.

Wasemaji wake hawakuacha vitabu. Maandishi ya runi (herufi za kale za wasemaji wa Kigermaniki) ya awali kabisa ambayo tarehe yake inaaminika yamo kwenye kitana kilichofukuliwa Vimose, Denmaki, cha takriban mwaka 160 BK, nayo ni neno moja tu: “harja”. Kwa hiyo karibu kila tunachokijua kuhusu lugha hiyo kimepatikana kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo.

3. Nyota iliyo mbele ya “*fertaną” ina kazi gani?

Nyota huonyesha kwamba umbo hilo halijakutwa katika maandishi yoyote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha. Aliyeeneza matumizi hayo ni mwanaisimu wa Kijerumani August Schleicher, katika karne ya 19. Nyota haimaanishi kwamba neno linatiliwa shaka. Sehemu ya mwisho, “-aną”, ni kiambishi cha kitenzi kisichoonyesha nafsi wala wakati, kikifanya kazi inayokaribiana na ya “ku-” yetu, na alama iliyo chini ya “ą” inaonyesha irabu iliyotamkwa kwa kupitisha hewa puani.

4. Tutaaminije umbo ambalo hakuna aliyeliandika?

Ushahidi wa kwanza ni ulinganisho wa sauti wenye utaratibu, ambao umeelezwa katika swali la 6 hadi la 10. Ushahidi wa pili umetoka kwa majirani. Wafini, ambao lugha yao si ya ukoo huu, waliazima maneno kutoka kwa wasemaji wa Kigermaniki zamani sana na hawakuyabadilisha sana. Mfalme kwa Kifini ni “kuningas” na pete ni “rengas”, ilhali wanaisimu kwa hesabu zao walikuwa wameunda “*kuningaz” na “*hringaz”. Miishio hiyo imepotea katika Kiingereza na Kijerumani, lakini Kifini kinayo hadi leo. Njia iliyotupatia “*kuningaz” ndiyo hiyo hiyo iliyotupatia “*fertaną”.

5. Je, si utovu wa adabu kuandika neno hili waziwazi?

Inategemea mahali na nia. Mwislamu yeyote aliyesoma fikihi ya udhu anajua kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipoulizwa hadathi (jambo linalotengua udhu) ni nini alijibu kwa kutaja wazi hewa isiyo na sauti na ile yenye sauti, na jibu lake limo katika Sahihi ya Bukhari. Elimu inapohitaji neno, neno hutajwa. Katika kurasa hizi “kujamba” linatumika palipo na haja, na hakuna aibu inayokusudiwa.

## Safari ya sauti

6. Ilikuwaje “p” ya “*perd-” ikawa “f” ya “*fertaną”?

Badiliko hili halikulihusu neno hili peke yake. “P” za Mame-Indo-Ulaya ziligeuka “f” katika Mame-Germaniki karibu kila mahali, ilhali Kilatini na Kigiriki vilibaki nazo. Baba kwa Kilatini ni “pater”, kwa Kiingereza “father”. Samaki ni “piscis” na “fish”. Mguu ni “pes” na “foot”. Utaratibu huu uliandikwa na Mdenmaki Rasmus Rask mwaka 1818, kisha Jacob Grimm, yule yule mkusanyaji wa ngano, akaupanga kikamilifu mwaka 1822, na ndiyo maana unaitwa Kanuni ya Grimm.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Ulaya ili kuelewa jambo hili. Kitenzi chetu “-pa” ni “-wa” kwa Kiganda, “-ha” kwa Kinyarwanda na Kirundi, na “-he” kwa Kigikuyu. Hakuna anayedhani kwamba Waganda waliamka siku moja wakaamua kuharibu neno letu. “P” zilizokaa mahali kama hapo zilibadilika zote kwa pamoja. Tena mazingira yanaweza kuikinga sauti: “upepo” wetu kwa Kiganda ni “empewo”, ambapo “p” ya kwanza imehifadhiwa na “m” iliyo mbele yake na ya pili, isiyo na kinga, imekuwa “w”. Vivyo hivyo katika Kigermaniki “p” iliyotanguliwa na “s” haikuguswa: kutema mate kwa Kilatini ni “spuere”, na kitenzi cha Kiingereza cha asili hiyo hiyo, “spew”, bado kina “p” yake.

7. Na “d” ya “*perd-” ilikwenda wapi?

Ikawa “t”, kwa kanuni hiyo hiyo. Linganisha Kilatini “duo”, “decem” na “edere” na Kiingereza “two”, “ten” na “eat”. Jambo la kupendeza katika kitenzi chetu ni kwamba mzizi mmoja wenye konsonanti tatu tu unaonyesha sehemu mbili tofauti za Kanuni ya Grimm, yaani “p” kuwa “f” mwanzoni na “d” kuwa “t” mwishoni, huku “r” ikibaki kati bila kuguswa. Kwa maoni yangu huu ni mfano bora wa kufundishia kuliko “pater” na “father” unaojaza vitabu, kwani katika “father” konsonanti ya kati imepita njia yenye mizunguko inayomchanganya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kinachouzuia mfano huu usiingie vitabuni ni haya tu.

8. Kwa nini Kijerumani kina “z” mahali ambapo Kiingereza kina “t”?

Kwa sababu lahaja za kusini mwa Ujerumani zilipata badiliko jingine, karne nyingi baada ya lile la Grimm. Katika badiliko hilo “t” iligeuka kuwa “ts”, inayoandikwa “z”: “ten” ni “zehn”, “two” ni “zwei”, “heart” ni “Herz”. Kwa hiyo Kijerumani cha Kale cha Juu, yaani cha lahaja hizo za kusini, kina kitenzi “ferzan”, na Kijerumani cha leo kina “farzen” na “furzen” pamoja na nomino “Furz”.

9. Kama asili ni “fert-”, kwa nini Waingereza husema “fart” na si “fert”?

Kuelekea mwisho wa kipindi cha Kiingereza cha Kati, “er” iliyofuatwa na konsonanti au iliyofunga neno iligeuka kuwa “ar” katika maneno mengi. “Sterre” ikawa “star”, “derk” ikawa “dark”, “ferme” ikawa “farm”. Neno “heart” lilibadilika katika matamshi ingawa tahajia yake ilibaki na “e”. Hata leo Mwingereza huandika “clerk” lakini hutamka kana kwamba pameandikwa “clark”, ilhali Mmarekani hutamka “e”. Kitenzi chetu kilisombwa na mkondo huo huo.

10. “Freta” ya Kinorse cha Kale, lugha ya kale ya Skandinavia, inaingiaje katika ukoo huu?

“R” na irabu zimebadilishana nafasi, basi. Jambo hili hutokea mara nyingi panapokuwa na “r”: ndege kwa Kiingereza cha Kale (cha kabla ya karne ya 12) alikuwa “bridd”, leo ni “bird”. Kiaislandi bado kina “freta”, na Kiswidi kina “fjärta”, ambapo “r” imebaki mahali pake pa asili.

## Umbo la kitenzi

11. Kitenzi hiki kilinyumbulishwaje katika Mame-Germaniki?

Kilikuwa kitenzi imara, yaani kilionyesha wakati kwa kubadilisha irabu ya mzizi badala ya kuongeza kiambishi. Wakati uliopo ulikuwa na “fert-”, wakati uliopita wa umoja “fart”, na wakati uliopita wa wingi pamoja na umbo la kutendwa vilikuwa na “furt-”. Kundi hilo ndilo lililokuwa na kitenzi cha kusaidia, “*helpaną”, chenye “help-”, “halp” na “hulp-”. Kiingereza cha leo kimebakiwa na mabaki ya utaratibu huo katika “sing”, “sang” na “sung”, lakini “fart” kimehamia upande wa vitenzi vya kawaida na leo kinachukua “-ed”.

Utaratibu huu nao umerithiwa. Kigiriki cha kale kina “pérdomai” kwa wakati uliopo, “péporda” kwa hali timilifu na “épardon” kwa tendo lililopita. Ziondoe nyongeza, ubaki na mizizi mitatu: “perd-” yenye “e”, “pord-” yenye “o”, na “pard-”, ambamo “a” imezuka tu ili kuibeba “r” iliyokuwa haina irabu. Sasa zingatia kwamba “o” fupi ya Mame-Indo-Ulaya huwa “a” katika Kigermaniki, na “r” isiyo na irabu huwa “ur”. Ukizitumia kanuni hizo pamoja na ile ya Grimm, “perd-, pord-, prd-” zinatoa “fert-, fart-, furt-” bila salio. Si konsonanti pekee zinazooana kati ya Athene na Skandinavia. Hata mpangilio wa irabu kwa kila wakati unaoana. Mfanano wa kubahatisha hauwezi kufika hapo, na wala uigaji wa sauti hauwezi (tazama pia swali la 17).

12. Basi “a” ya “fart” ya Kiingereza ndiyo “a” ya wakati uliopita “*fart”?

Hapana, ingawa zinafanana kwa macho. “A” ya Kiingereza cha leo imetokana na badiliko la “er” kuwa “ar” lililoelezwa katika swali la 9. Kinyume chake, “u” ya Kijerumani “Furz” ni “u” ya kale ya “furt-”.

## Ushahidi na ndugu wa mbali

13. Ni lugha zipi nyingine zenye neno la mzizi huu?

Ni nyingi, na zimetawanyika kutoka Atlantiki hadi Bara Hindi. Kisanskriti kina “párdate”, Kilithuania “pérsti”, Kirusi “perdét”, Kipolandi “pierdzieć”, Kicheki “prdět”, na Kialbania “pjerdh”. Kigiriki kimekwisha kutajwa. Kutoka Kisanskriti zimetokea Kihindi “pādnā” na Kigujarati “pādvũ”. Kwa hiyo neno la ukoo huu limekuwa likisikika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, majumbani mwa Wagujarati, kwa vizazi vingi, na jirani yao aliyesoma Kiingereza alikuwa akilijua umbo jingine la neno hilo hilo pasipo kulitambua. “Pād-” na “fart” hazifanani kwa sikio, lakini ni ndugu wa damu.

14. Maandishi ya kwanza ya Kiingereza yenye neno hili ni yapi?

Kitenzi chenyewe hakijapatikana katika maandishi ya Kiingereza cha Kale, kwa hiyo “*feortan” huandikwa kwa nyota. Hata hivyo nomino “feorting” ipo, katika orodha zilizofafanua maneno ya Kilatini kwa Kiingereza. Watawa waliokuwa wakijifunza Kilatini walihitaji kujua kila neno, na hatuna budi kuwashukuru kwa kutoona haya.

Katikati ya karne ya 13 uliandikwa wimbo “Sumer is icumen in”, uliohifadhiwa katika hati inayohusishwa na abasia (nyumba ya watawa) ya Reading na ambayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza kwa jina la Harley 978. Ndani yake majira ya joto yanawadia, fahali anarukaruka, na beberu “verteth”. Wasomi wengi wanalisoma neno hilo kuwa ni kitenzi chetu, kwa kuwa katika lahaja za kusini “f” ya mwanzo ilitamkwa “v”. Wapo walioona vigumu kukubali na wakapendekeza kwamba linatokana na Kilatini “vertere”, kugeuka, ili beberu awe anacheza tu. Mimi naona beberu aliyeshiba majani mabichi anafanya lile ambalo mabeberu hufanya, na tafsiri ya Kilatini inanusa haya za wahariri kuliko ushahidi.

Neno liliingia hata katika kumbukumbu za ardhi. Wakati wa Mfalme Henry wa Pili, aliyetawala kuanzia 1154 hadi 1189, mtu aliyeitwa Roland alishikilia shamba la Hemingstone, Suffolk, kwa sharti kwamba kila Krismasi aruke mara moja, apige mluzi mara moja na ajambe mara moja mbele ya mfalme. Hati zinamwita kwa lakabu mbalimbali, miongoni mwake “le Fartere” na “le Pettour”. Lakabu hizo mbili zina maana moja lakini mizizi miwili tofauti, jambo linaloelezwa katika swali la 16.

15. Lini neno hili likawa la aibu?

Lilikuwa la kawaida kwa muda mrefu, na aibu yake ilipanda polepole. Mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alilitumia kwa furaha katika hadithi ya msaga nafaka, akiufananisha mjambo mmoja na ngurumo ya radi. Samuel Johnson aliliingiza katika kamusi yake ya 1755 bila kuomba radhi. Wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, mwishoni mwa karne ya 19, nao waliliingiza lakini wakaonya kwamba halitumiki tena katika mazungumzo ya heshima. Maneno mengine mawili ya viungo na matendo ya siri waliyaacha nje kabisa hadi nyongeza ya 1972. Kwa kipimo hicho “fart” lilihesabiwa utovu wa adabu mdogo.

## Yenye sauti na isiyo na sauti

16. Je, ni kweli kwamba Mame-Indo-Ulaya ilikuwa na vitenzi viwili vya tendo hili?

Ndiyo, na hapa Mswahili ana faida juu ya Mwingereza, kwa sababu tofauti yenyewe anayo mdomoni. Kujamba ni kwa sauti. Kushuta ni kimyakimya, na kinachotoka ni ushuzi. Ushuzi ndio unaoleta ugomvi katika daladala iliyofunga madirisha, maana mwenye kujamba hujulikana papo hapo, lakini aliyeshuta hutazama nje kama wengine.

Mame-Indo-Ulaya ilikuwa na “*perd-” kwa tendo lenye sauti, na “*pesd-” kwa lile lisilo na sauti. Kirusi kimehifadhi zote mbili na tofauti yake: “perdét” ni kujamba na “bzdet” ni kushuta. Kilithuania kina “pérsti” na “bezdėti”. Kigiriki kilikuwa na “pérdomai” na “bdéō”. Kilatini kiliupoteza mzizi wa kwanza kikabaki na wa pili, “pēdere”, na tofauti ya sauti ikafutika. Kutoka humo vikazaliwa Kifaransa “péter” na “pet”, Kihispania “pedo”, na lakabu “le Pettour” ya yule Roland.

Kifaransa kiliunda pia “pétard”, bomu dogo la kuvunjia malango ya ngome, kwa kuzingatia mlipuko wake. Kiingereza kikaliazima, na Shakespeare akalitumia katika “Hamlet” kwa fundi anayerushwa hewani na bomu lake mwenyewe. Wanaolinukuu fungu hilo katika hotuba rasmi kwa kawaida hawajui wamesema nini.

Katika Kigermaniki upo pia mzizi “fis-” wa hewa isiyo na sauti, unaoonekana katika Kiholanzi “veest” na katika Kiingereza “fizzle”, ambacho katika karne ya 16 kilimaanisha kushuta na leo humaanisha jambo kufifia bila kishindo. Baadhi ya wanaisimu wanauunganisha na “*pesd-”, wengine wanauhusisha na mzizi wa kupuliza. Hoja za pande zote mbili zina uzito, na swali hilo haliathiri historia ya “*fertaną”.

## Dhana zinazozunguka

17. Je, si neno la kuiga sauti tu, kama tanakali zetu?

Huenda “*perd-” lilizaliwa hivyo. “P” inayopasuka ikifuatwa na “r” inayotetema haiko mbali na sauti yenyewe. Lakini asili ya mzizi, maelfu ya miaka iliyopita, ni jambo moja, na namna neno lilivyofika kwetu ni jingine. Kama kila taifa lingekuwa linaiga sauti upya, tungetarajia maumbo yanayofanana kwa sikio na kutofautiana bila mpango. Tunachokiona ni kinyume chake: “pād-”, “pjerdh”, “furzen” na “freta” hazifanani, lakini kila tofauti inaelezeka kwa kanuni inayoonekana pia katika maneno ya baba, samaki na mbili. Tena neno linaloiga sauti lina sababu ya kukataa mabadiliko ili liendelee kuiga. Hili lilikubali yote, hata yale yaliyolipeleka mbali na mlio wake.

18. Nimesoma kwamba ni kifupisho cha maneno kadhaa. Ni kweli?

Si kweli. Mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ulienea katika karne ya 20, na neno hili liliandikwa katika karne ya 13. Hadithi za aina hii husimuliwa juu ya karibu kila tusi la Kiingereza.

19. Je, “partridge”, ndege wa jamii ya kwale, ana uhusiano na neno hili?

Inawezekana. Jina hilo limefika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale “perdriz”, kutoka Kilatini “perdix”, kutoka Kigiriki “pérdix”. Wengi wanalihusisha na “pérdomai” kwa sababu ya mvumo wa mabawa ndege huyo anapokurupuka majanini. Aliyewahi kukurupusha kwale porini anaujua. Uhusiano huo haujathibitishwa kabisa. Ukiwa wa kweli, “p” ya “partridge” na “f” ya “fart” ni sauti moja katika njia mbili: iliyorithiwa ilipitia Kanuni ya Grimm, na iliyoazimwa ilifika wakati kanuni hiyo imekwisha kupita.

20. Kiarabu kina “fasā”, kushuta, na Kigermaniki kina “fis-”. Je, ni asili moja?

La. Kiarabu ni cha ukoo wa Kisemiti, na kwa neno hilo hakuna mfululizo wa ulinganifu wa sauti unaokiunganisha na Kigermaniki. Aidha “f” ya Kigermaniki ilikuwa “p” hapo kale, kwa hiyo kadiri unavyorudi nyuma ndivyo maneno haya mawili yanavyozidi kuachana. Kudai undugu kwa mfanano wa sauti ni mtego wa zamani. Katika tamthilia ya “Mawingu” iliyoonyeshwa Athene mwaka 423 KK, Aristophanes anamfanya mzee Strepsiades avumbue kwamba ngurumo, “brontē”, na mjambo, “pordē”, zina majina yanayofanana kwa sababu zenyewe zinafanana. Huo ulikuwa mzaha, lakini wapo wanaojenga nadharia nzima kwa njia hiyo hadi leo.

21. Nimehamia Norwe na naona “fart” kwenye vibao vya barabarani. Kulikoni?

Ni neno jingine kabisa. Katika Kinorwe, Kidenmaki na Kiswidi “fart” ni mwendo, na tuta la barabarani kwa Kinorwe ni “fartsdump”. Neno hilo ni la ukoo wa Kijerumani “Fahrt”, safari, na Kiingereza “fare”, ambao mzizi wake ni wa kwenda na kuvuka. “T” yake inatokana na historia nyingine, wala si “d” ya “*perd-”. Kwa Kipolandi nako “fart” ni bahati njema, na halihusiani na haya yote.

22. Kigothi hakikuandika neno hili. Je, tunaweza kusema lingekuwaje?

Tunaweza, kwa tahadhari. Karibu Kigothi chote tulicho nacho ni tafsiri ya Biblia iliyofanywa na askofu Wulfila katika karne ya 4, na Biblia haikumpa nafasi ya kulitumia. Katika Kigothi “e” fupi ya kale iliyo mbele ya “r” huandikwa “aí”, kama kitenzi cha kugeuka kuwa kitu, ambacho Kiingereza cha Kale kinakiandika “weorþan” na Kigothi “waírþan”. Kwa kipimo hicho kitenzi chetu kingekuwa “*faírtan”, chenye wakati uliopita wa umoja “*fart” na wa wingi “*faúrtun”, kwani “u” nayo mbele ya “r” huandikwa “aú”. Maumbo yote matatu yanabaki na nyota zake hadi siku litakapofukuliwa andiko la Mgothi ambaye hakuwa askofu.